Umesikia kwa Nani?

Shule ya Sekondari Nyamalulu,
karibu na Rwamgasa.
8 Februari 2025

Mwalimu Pantaleo,

Shikamoo. Barua hii nimemkabidhi kondakta wa basi la Shinyanga, kwa kuwa najua ujumbe wa simu huusomi. Siku nilipohitimu ualimu uliniambia kwamba mtu asiyeweka nukta hastahili jibu. Nimeweka nukta zote.

Huku sijambo. Nina wanafunzi sabini na wawili wa kidato cha kwanza, wengi wao watoto wa wachimbaji. Juma lililopita nilifika kwenye somo la wageni wa pwani, nikawauliza, "Waarabu hawa walitoka wapi, na walikuwa wanajua nini?" Jilala, ambaye ni mrefu kuliko mimi, akanyoosha mkono. "Walitoka Kahama, Mwalimu. Wana duka la mabati." Darasa lilicheka mpaka Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani.

Basi nikaamua kurudi nyuma. Kwa majuma kadhaa nitawafundisha karne za mwanzo za ustaarabu wa Kiislamu: Baghdad, mji wa mviringo uliojengwa zamani sana, hospitali zao, hesabu zao, na wafasiri waliokusanya vitabu vya Wayunani na kuvitia katika Kiarabu. Nilipowaambia kwamba mfasiri mmoja mkubwa, Hunayn bin Is-haka, alikuwa Mkristo, Justa akauliza, "Na hawakumfukuza?" Nikamwambia hawakumfukuza, walimwongezea kazi. Justa ni binti wa Mzee Masalu, mwenyekiti wa bodi ya shule. Haulizi jambo lisilo na maana.

Kila Jumamosi naenda Geita mjini kwa mama mmoja, Gulnar, ambaye watu humwita Mama Hozefa. Ana duka la pampu na mipira ya maji. Ananifundisha herufi za Kiarabu. Nimefika herufi ya kumi na moja na mistari yangu bado inapinda.

Binti yako katika kazi,
Asteria

*

Shinyanga,
17 Februari 2025

Binti yangu Asteria,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya dagaa, lakini inasomeka.

Umeandika kwamba Baghdad ilijengwa "zamani sana". Mwalimu wa historia hana "zamani sana". Ujenzi ulianza mwaka 762. Tena, usiseme wafasiri walikusanya "vitabu vya Wayunani". Walikusanya baadhi.

Wanafunzi sabini na wawili ni wengi. Gawa darasa kwa safu, na kila safu iwe na kiongozi. Kijana anayechekesha mpe kazi ya kufuta ubao.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Mwalimu wako,
Pantaleo

*

Shinyanga,
17 Februari 2025

Kwa Mwalimu Mkuu Onesmo,
Shule ya Sekondari Nyamalulu.
SIRI

Onesmo,

Nakuandikia kama mtu aliyekufundisha kushika kalamu, wala si kama mtu mwenye mamlaka juu yako.

Mwalimu Asteria aliyeko shuleni kwako ni binti wa marehemu Katekista Pius. Baba yake alipokuwa kitandani kwa mara ya mwisho, nilimwahidi kwamba binti huyu nitamwangalia. Sasa nimepata habari kwamba kila Jumamosi huenda kwa mama mmoja Mwislamu wa Geita kufundishwa herufi za Kiarabu, na kwamba darasani anafundisha mambo ya Uislamu kwa majuma mengi. Nahofu kwamba yu karibu kubadili dini.

Kwa watu wa umri wangu jambo hili halina fumbo. Mimi nilipelekwa misheni kujifunza irabu, na kabla sijafika mwisho wa kitabu nilikuwa nimekwisha kubatizwa. Sote tuliingia hivyo, na wale walioanzia kwenye Kurani waliingia kwao vivyo hivyo. Baba yangu alikuwa akisema, "Aliyeshika kitabu ameshikwa."

Mwangalie kwa upole. Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Pantaleo

*

Nyamalulu,
15 Machi 2025

Mwalimu Pantaleo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na shida, na ni wewe tu ninayeweza kumwambia.

Mambo yalianza kama mzaha. Adam, mlinzi wa lango, alianza kunisalimia, "Asalaam aleikum, dada yangu." Nikamjibu, kwa kuwa salamu haiachwi bila jibu. Kesho yake akaniletea tende. Nilidhani ni ukarimu tu wa Ramadhani. Kumbe mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana, na mimi tangu Jumatano ya Majivu sinywi uji wa saa nne. Dorah, mpishi, akawa ananitazama kila ninapopita jikoni bila kuchukua kikombe.

Jumanne Mzee Masalu alikuja na pikipiki katikati ya kipindi. Alisimama mlangoni akamwita Justa kwa Kisukuma, "Ng'wana wane," yaani mwanangu, "chukua madaftari yako." Nilimfuata nje nikamsalimia. Hakuitikia. Alisema, "Mwalimu, kuwa Mwislamu ni haki yako. Majirani zangu ni Waislamu, nimekula pilau yao. Lakini binti yangu nilimleta hapa asome. Sikumleta asilimishwe."

"Nani amesema nimesilimu, Mzee?"

"Kila mtu."

Sasa Justa anapika chai kwenye makarasha ya baba yake, pale wanaposaga mawe. Watoto wengine tisa wameondolewa. Mwalimu Mkuu amenisimamisha kufundisha mada hii na anaogopa kunitazama usoni. Tarehe 12 Aprili wazazi na bodi watakutana kuamua kama waombe niondolewe hapa. Nikiondolewa kwa sababu hii, Mwalimu, hakuna shule mkoani itakayonipokea kwa mikono miwili. Maneno yatatangulia mbele yangu.

Kabla sijasimamishwa nilikuwa nimewafundisha jambo moja walilolipenda kuliko yote. Niliwaeleza jinsi wanazuoni wa karne zile walivyochunguza habari za Mtume. Hawakuuliza tu, "Habari inasema nini?" Waliuliza, "Umesikia kwa nani? Naye alisikia kwa nani?" mpaka wafike kwa yule aliyekuwapo. Mnyororo huo wa wapokezi waliuita isnadi. Kila mpokezi walimpima: je, ni mkweli? Ana kumbukumbu nzuri? Alikutana kweli na huyo anayemtaja? Niliwasimulia habari za mtu aliyepanda ngamia mwezi mzima mpaka Sham, nchi ya Syria ya leo, ili asikie habari moja tu kutoka kinywani mwa aliyeisikia.

Wakati ule kulikuwa na uvumi wa rashi. Nadhani wajua: ikisemwa dhahabu imeonekana mahali, watu huacha mashamba na kukimbilia huko. Wanafunzi wakaufuata uvumi ule mtu kwa mtu. Siku ya tatu waligundua umeanzia kwa jamaa aliyetaka kuuza koleo zake. Baba watatu walirudi shambani. Nilijisikia mwalimu.

Mwalimu Pantaleo, naomba uniandikie barua kwa Mwalimu Mkuu. Ulimfundisha. Neno lako moja kwake ni zito. Mwambie unanijua.

Asteria

*

Shinyanga,
22 Machi 2025

Binti yangu Asteria,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili.

Subira. Maneno ya watu ni vumbi la barabarani; gari likipita hutulia. Endelea na vipindi vyako vingine. Vaa kwa heshima, fika mapema, usijibizane na mzazi mlangoni. Kama utaona inafaa, kunywa uji.

Kuhusu kumwandikia Mwalimu Mkuu, nitatafakari. Si vizuri mtu wa nje kuingilia mambo ya shule.

Mwalimu wako,
Pantaleo

*

Nyamalulu,
29 Machi 2025

Mwalimu wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukusumbua.

Ulinitaka nimwangalie Mwalimu Asteria kwa upole. Kwa kuwa mimi Jumamosi huwa Kharumwa kwa familia yangu, nilimwomba mlinzi aangalie anaondoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwa kifupi habari ya barua, tena nikamwonya asimwambie mtu. Sikujua kwamba atafurahi kiasi kile.

Sasa Mzee Masalu anajua kwamba ninayo barua, na anataka niisome mkutanoni tarehe 12. "Ya mzee mmoja wa heshima wa Shinyanga," ndivyo anavyowaambia wazazi, ingawa jina lako halijui. Nikiisoma, binti ataondoka. Nikikataa, watasema ninamficha.

Kuna jambo jingine. Juzi wanafunzi wawili waliingia ofisini kwangu na daftari. Walikuwa wametoka kwa mlinzi. Waliniuliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu Mkuu, wewe ulisikia kwa nani?" Nilitaka kuwafukuza. Nikakumbuka fimbo ulizonichapa kwa kusema uongo darasa la tano, na nina miaka hamsini na moja. Niliwapa anwani yako. Niliwaomba wasimwambie Mwalimu Asteria mpaka umewajibu, nao wamekubali.

Niambie nifanye nini.

Mwanafunzi wako,
Onesmo

*

Nyamalulu,
2 Aprili 2025

Kwa Mzee Pantaleo,

Shikamoo. Sisi ni Justa Masalu na Jilala Ngassa wa kidato cha kwanza. Justa yupo makarasha kwa sasa lakini tunakutana akitumwa sukari. Hatukujui na wewe hutujui, kwa hiyo tunaanza na majina, kwa sababu habari isiyo na majina haipokelewi.

Tunafanya zoezi la isnadi. Habari tunayoichunguza ni hii: "Mwalimu Asteria amesilimu na anasilimisha watoto." Tumepata hivi:

Mzee Masalu alisema, "Anawasilimisha watoto." Justa alimuuliza baba yake amesikia kwa nani. Alikasirika, halafu akasema kwa Dorah wa jikoni.

Dorah alisema, "Mimi sikusema watoto. Nilisema amesilimu na anafunga." Alisikia kwa Adam mlinzi, na uji ukiachwa ameuona kwa macho yake.

Adam alisema, "Mimi sikusema amesilimu. Nilisema anasilimu, Mungu akipenda." Alisikia kwa Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu alifunga mlango. Halafu alisema yeye alisema "inasemekana", na kwamba alisoma kwenye barua yako, na barua inasema "nahofu".

Umeona, Mzee, habari inapungua kila tukirudi nyuma. Mnyororo wa uvumi wa rashi haukupungua hivyo. Ule ulikuwa uongo tangu mwanzo. Huu hatuelewi.

Sasa tumefika kwako. Maswali yetu ni haya. Wewe ulisikia kwa nani? Ulikutana naye? Una kumbukumbu nzuri? (Samahani kwa hilo la mwisho, lakini wote tumewauliza, hata Mwalimu Mkuu.)

Tungekuja wenyewe kama yule wa ngamia, lakini Jilala hana ruhusa na Justa ana masufuria.

Tunaomba jibu kabla ya tarehe 12, kwa sababu siku hiyo mwalimu wetu ataondolewa.

Justa Masalu
Jilala Ngassa

*

Shinyanga,
7 Aprili 2025

Kwa Justa Masalu na Jilala Ngassa,

Marahaba.

Kumbukumbu yangu ni nzuri. Nina miaka sabini na tisa na ninaweza kutaja majina ya darasa langu la kwanza kwa mpangilio wa madawati.

Mmeuliza nilisikia kwa nani. Nimekaa na swali hili siku mbili, na jibu ni fupi. Sikusikia kwa mtu. Mwalimu Asteria mwenyewe aliniandikia kwamba anajifunza herufi kwa Mama Hozefa. Hilo ni kweli na nililipokea kwake. Hakuandika kwamba anabadili dini. Hilo nililiongeza mimi, nikiwa nimekaa mezani pangu, kwa sababu siku za utoto wangu mtu hakujifunza herufi za watu bila kuingia katika sala zao. Nilidhani. Kisha nikaandika dhana yangu kwa mwandiko mzuri, nikaweka sahihi, na mtu aliyeiona akadhani ni habari.

Mmesema hamwelewi kwa nini inapungua. Ni kwa sababu chanzo chake si mtu aliyeona kitu. Ni mtu aliyeogopa.

Tarehe 12 Mwalimu Mkuu asisome barua yangu. Nitakuja kuisoma mwenyewe, kisha wazazi waniulize mlichoniuliza ninyi.

Jilala, ruhusa ya kusafiri huombwa siku tatu kabla. Justa, barua yenu ina nukta mahali pake.

Pantaleo

*

Shinyanga,
7 Aprili 2025

Asteria,

Barua iliyoanzisha yote haya ni yangu. Nilimwandikia Onesmo tarehe 17 Februari, siku ileile niliyokujibu wewe kuhusu mwaka wa Baghdad. Wanafunzi wako wawili wamenifuata mpaka hapa. Nakala ya barua yao na ya jibu langu nimeziweka ndani ya bahasha hii, usome kabla sijafika.

Uliponiomba nikutetee, nilikujibu habari za vumbi. Nilijua wakati ule. Kosa la kwanza lilikuwa la hofu, na mzee husamehewa hofu. Hili la pili nilikuwa na majuma mawili ya kulirekebisha, nikajificha nyuma ya neno subira.

Nilimwahidi baba yako kwamba nitakuangalia. Nimekuangalia kama mlinzi wa lango. Sikukuuliza neno.

Nitashuka kwenye basi Ijumaa jioni. Usinipokee.

Pantaleo

*

Nyamalulu,
16 Aprili 2025

Mwalimu Pantaleo,

Shikamoo. Uliondoka na basi la saa saba, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona.

Baba yake Justa alipokuuliza mara tatu mbele ya watu, "Mzee, kwa hiyo hukusikia kwa mtu?" nawe mara tatu ukajibu, "Sikusikia kwa mtu," nilikuwa nimekaa safu ya nyuma na sikuweza kuinua macho. Sikuwa naona aibu kwa ajili yangu. Sijawahi kukuona umesimama mbele ya watu bila kuwa wewe unayeuliza.

Ulipoondoka Mzee Masalu aliketi. Kisha akamgeukia Dorah. "Na wewe na uji wako!" Dorah naye akasimama. "Baba Justa, mimi nilisema funga, watoto nimewaongeza mimi? Kila mtu abebe furushi lake." Watu walicheka, na Mzee Masalu alicheka mwishoni kabisa. Adam aliomba kusema. Alisema kama Mwalimu hasilimu si neno, ila tende hazirudishwi.

Hakuna kura iliyopigwa. Jumatatu Justa alikuwa kwenye dawati lake, na wengine saba pia. Wawili hawajarudi, na sijui kama watarudi. Mzazi mmoja alisema hadharani kwamba wewe na mimi tumepanga. Kwa hiyo jina langu halijasafika lote. Bodi imeruhusu nimalize mada, mzazi akitaka aje aketi darasani. Jana alikuja Mzee Masalu. Aliketi karibu na dirisha dakika themanini, na nilipofika kwenye hospitali za Baghdad aliuliza kama walitibu vifua vya watu wanaopumua vumbi la mawe. Nilisema sijui. Nimeahidi kutafuta.

Justa na Jilala wamemaliza zoezi lao. Kila mpokezi wamempa daraja, kama walivyofanya wanazuoni wale. Nakunukulia walichoandika juu yako, bila kusahihisha, kwa sababu najua ungetaka kujua:

"Pantaleo wa Shinyanga. Kumbukumbu: nzuri sana. Akiulizwa: mkweli. Asipoulizwa: dhaifu."

Pasaka hii sitakuja Shinyanga. Nasema wazi ili usitafute sababu nyingine. Bado nina hasira, na sitaki kukuletea hasira mezani pako siku ya sikukuu. Nitakuja Juni shule zikifungwa.

Bado hujaniuliza kwa nini naenda kwa Mama Hozefa. Nitakujibu bila kuulizwa. Mwaka wangu wa mwisho katika darasa lako nilisoma shairi vizuri, lakini nikashindwa kuandika neno moja lililokuwamo. Ulinirudisha ubaoni mbele ya wote. Ulisema, "Asteria, usimfundishe mtu neno ambalo mkono wako hauwezi kuliandika." Nilitaka kuandika "Baghdad" ubaoni kama wenyewe walivyoiandika.

Jumamosi iliyopita, baada ya mkutano, nilikwenda kwa Mama Hozefa. Sasa ninaweza.

Asteria